Inzi Waliotoka Tanga

Ndege za vita hubeba mabomu. Ndege ndogo iliyoruka juu ya misitu ya Unguja kati ya mwaka 1994 na 1997 ilibeba mbung'o. Vijana wengi hawaijui habari hii, nayo ni fahari ya Tanga.

Katika kituo cha utafiti cha Tanga mbung'o walifugwa kwa wingi, wakilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando ulioshika mahali pa ngozi. Madume wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakatiwa katika visanduku vya karatasi ngumu, wakadondoshwa kutoka angani. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Madume zaidi ya milioni 8 walimwagwa hivyo. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imesafika.

Basi wafugaji wa Pangani, Muheza na Handeni wana haki ya kuuliza: mbona mifugo yetu yaugua nagana hata leo, hali silaha ilitoka mlangoni petu?

Jawabu halina budi kuwa la kweli. Unguja ni kisiwa, na bahari ndiyo ua wake. Tena ilikuwa na mbung'o wa aina moja. Huku bara wako wa aina kadhaa, nao hujificha katika vichaka na mbuga, ikiwamo ya Saadani, ambako wanyama wa porini huwalisha. Ukiwafagia hapa leo, kesho watarudi kutoka kule.

Aidha, hata Unguja ndege haikutangulia. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa, hata mbung'o wakawa wachache. Madume tasa hushinda pale tu wanapowazidi wa porini kwa mbali.

Kwa hiyo twasema, tusikae tukitazama mbinguni. Halmashauri zitenge fedha za majosho na mitego kila mwaka, si mwaka wa maafa tu. Wafugaji nao waogeshe mifugo yao wote kwa pamoja, kwani mmoja akizembea huwaponza jirani zake. Na Serikali iulinde ujuzi wa kituo cha Tanga. Siku ndege itakaporuka juu ya pwani hii, iikute kazi ya chini imekwisha fanywa.