Gobore la marehemu lipelekwe polisi

Mhariri,

Huku kwetu Manyoni na Itigi, matanga yakiisha ukoo hukaa kugawana mashamba, ng'ombe na mizinga ya nyuki. Gobore la marehemu halitajwi. Kijana mkubwa hulichukua kimya kimya, kisha huingia nalo porini kutafuta swala au kanga, akiamini ni haki yake kwa kuwa babu naye aliwinda nalo.

Naandika kwa uchungu, maana vijana hawa hawajui wamebeba nini. Leseni ya silaha hupewa mtu, si ukoo. Mwenyewe akifa, silaha ipelekwe polisi, na anayeitaka aombe leseni kwa jina lake, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Hata akiipata, hajaruhusiwa kuwinda: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai leseni nyingine. Nasi tumepakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Muhesi na Kizigo, ambako kukutwa na gobore tu ni kesi nzito. (Tena gobore chakavu huweza kumlipukia mpigaji mwenyewe usoni.)

Septemba na Oktoba 2023 serikali ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Naomba ukitolewa tena utangazwe minadani, misikitini na makanisani, hadi kitongoji cha mwisho. Nanyi wenyeviti wa vitongoji, mkialikwa kwenye kikao cha mirathi, ulizeni gobore liko wapi.

Msomaji wenu,
Itigi, Singida