Kukodisha vifaa vya sherehe: kabla hujatoa fedha ya mavuno, piga hesabu hii

Mavuno yakimalizika, huku kwetu mambo mawili huja pamoja: fedha kidogo mfukoni na shughuli nyingi mtaani. Harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, maulidi, mahafali ya darasa la saba. Na kila mwaka kipindi kama hiki tunapokea swali lile lile, hasa kutoka kwa vijana: "Nimepata fedha kidogo. Ninunue kifaa gani cha kukodisha?"

Mwaka huu swali limekuja na video. Wasikilizaji wanaonyeshana kwenye simu mtu akicheza gofu ndani ya hema. Anapiga mpira, mpira unagonga pazia kubwa, na kwenye pazia hilo unaonekana ukiendelea kuruka juu ya majani na mabwawa. Pembeni wageni wa sherehe wanapanga foleni. Wanaotutumia wanauliza: hii ikiletwa huku, si tutapata hela?

Tumeamua kujibu kwa maandishi kwa sababu dakika za redioni hazitoshi, na kwa sababu nyuma ya swali hili kuna fedha za watu: za mahindi, za kikundi na za mikopo. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kifaa kinacholipa si kile kinachoshangaza watu. Ni kile kinachotoka mara nyingi na kurudi kizima.

Hebu tuone kwa nini.

Gofu ya kwenye hema ni nini?

Gofu ya kawaida inahitaji ardhi. Uwanja kamili una mashimo 18, na mara nyingi unachukua zaidi ya ekari mia moja. Hapa Tanzania viwanja ni vichache, na vingi viko mijini au karibu na miji kama Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro. Ndiyo maana wengi wetu mchezo huu tunauona kwenye televisheni tu.

Mtambo wa kwenye video unaondoa hitaji hilo la ardhi. Una vitu vitano vikubwa: fremu yenye wavu, pazia gumu la kupokea mpira, projekta ya kurusha picha, kompyuta, na kifaa cha kupima mpira. Kifaa hicho ndicho roho ya mtambo. Kinatumia rada au kamera za kasi kubwa kupima mpira umetoka na mwendo gani, kwa pembe ipi, na unazunguka kiasi gani. Kompyuta inapiga hesabu na kuonyesha mpira ungeangukia wapi kama ungekuwa uwanjani. Kampuni ya TrackMan ya Denmark ni moja ya zinazojulikana kwa vifaa vya rada vya aina hii.

Marekani ndiko biashara ya kuukodisha ilikoshamiri. Kwa takwimu za taasisi ya gofu ya nchi hiyo, National Golf Foundation, mwaka 2023 watu milioni 26.6 walicheza gofu uwanjani, na milioni 32.9 walicheza nje ya viwanja: kwenye mitambo kama hii, kwenye sehemu za kufanyia mazoezi na kwenye kumbi za burudani. Wapo waliocheza kote kuwili. Januari 2025, wachezaji maarufu Tiger Woods na Rory McIlroy walianzisha ligi iitwayo TGL, inayochezwa ndani ya ukumbi huko Florida, mbele ya pazia lenye upana wa karibu mita 20.

Kwa hiyo mkodishaji wa kule anapopakia mtambo kwenye gari na kuupeleka kwenye sherehe ya kampuni, wateja anawakuta tayari. Wageni wanaujua mchezo au wanautamani. Kampuni inalipa. Umeme uko ukutani. Anatoza kwa saa, anaweka mtu wa kusimamia, na mara nyingi mwenye ukumbi anamtaka aonyeshe bima kabla hajafungua hata boksi moja.

Ondoa mambo hayo manne, yaani wateja, mlipaji, umeme na bima, na mtambo ule ule unageuka kuwa mzigo wa kuhifadhi ndani. Halafu kuna jua. Picha ya projekta mchana kweupe haionekani vizuri, na shughuli zetu nyingi hufanyika mchana, nje, uwanjani kwa mwenye sherehe.

Hesabu ya mara ngapi

Tuuache sasa mtambo wa gofu, tuje kwenye vitu tunavyovijua. Hapa tunatumia bei za mfano tu. Wewe weka bei za kwenu.

Tuseme umenunua viti vya plastiki 100 kwa shilingi 15,000 kila kimoja. Umetoa shilingi 1,500,000. Unakodisha kila kiti shilingi 300 kwa siku, na usafiri ni juu ya mwenye shughuli. Kila vinapotoka vyote unapata shilingi 30,000. Ili fedha yako irudi, viti vitoke mara 50. Vikitoka mara moja kwa wiki, ni karibu mwaka mzima.

Sasa tuseme umenunua jumba la upepo, yale ya watoto kurukia, kwa shilingi 4,000,000. Unalikodisha shilingi 100,000 kwa siku. Watu wanaona laki moja na kusema hii ndiyo biashara. Lakini toa petroli ya jenereta, usafiri na posho ya vijana wawili wa kusimamia. Tuseme ni 40,000. Unabaki na 60,000. Ili fedha irudi, jumba litoke mara 67.

Swali linakuja: katika kata yenu, ni sherehe ngapi za watoto kwa mwezi ambazo mzazi yuko tayari kutoa laki moja? Kama ni mbili, utasubiri karibu miaka mitatu. Na katika miaka hiyo jua linakula turubai, mishono inaachia na panya hawalali.

Ndiyo maana tunasema usianze na bei ya kukodisha. Anza na idadi ya safari. Chukua daftari, andika shughuli zote zilizofanyika kijijini na vijiji vya jirani kwa miezi mitatu iliyopita, na pembeni ya kila moja andika vifaa vilitoka wapi. Kazi hiyo haigharimu kitu zaidi ya muda.

Msiba hauna miadi

Ukiandika daftari hilo kwa ukweli, utagundua jambo. Shughuli inayotumia viti na maturubai mara nyingi kuliko harusi ni msiba. Harusi husubiri mavuno, na kwa Wakristo wengi husubiri Kwaresima ipite. Kwa Waislamu, Ramadhani. Msiba hausubiri. Usiku wa manane mtu anagonga mlango, na asubuhi wageni wanatakiwa wakae.

Hapo ndipo biashara hii inapogusa utu. Katika vijiji vingi viti, masufuria na turubai la msiba ni mali ya kikundi. Watu walichanga kidogo kidogo, wakanunua, na mwanachama akifiwa anapewa bure au kwa bei ndogo. Kijana anayekuja na viti vyake vya kukodisha anaingia palepale penye desturi hiyo.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la hesabu: kama kikundi cha akina mama, kanisa, msikiti au shule tayari vinatoa viti, soko lako ni dogo kuliko unavyodhani. Nenda ukawaulize kwanza. Huenda wanachokosa si viti, ni turubai la pili, masufuria makubwa au jenereta.

La pili ni la jina. Ukimtoza mfiwa bei ya harusi, kijiji hakitasahau. Wakodishaji wengi wazoefu wana bei mbili, ya shughuli na ya msiba, na ya msiba wanaitangaza mapema ili pasiwe na kuvutana siku ya huzuni. Hiyo ni heshima, na pia ni biashara: nyumba uliyoisitiri kwenye msiba ndiyo itakayokuita kwenye harusi.

Kikivunjika nani analipa?

Turudi kwenye viti vyetu 100. Ulipata shilingi 30,000. Vikirudi vitatu vimevunjika na hakuna anayelipa, umepoteza 45,000. Maana yake umemlipa mteja ili akae kwenye viti vyako.

Watu wengi wanakubaliana kwa mdomo, "utaniletea kesho, ndugu yangu," kisha ugomvi unafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inazungumzia jambo hili. Anayepokea mali ya mwenzake anatakiwa aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Lakini sheria hiyo ina upande wa pili ambao wakodishaji wengi hawaujui: anayekodisha kwa malipo anawajibika kwa madhara yanayotokana na ubovu wa kifaa chake, hata kama hakuujua ubovu huo. Spika yako ikimpiga mtu shoti, kusema "mbona juzi ilikuwa nzima" hakutakuokoa.

Karatasi moja inatosha. Iandikwe:

- vifaa vingapi vinatoka na vina hali gani, vihesabiwe mbele ya wote wawili;
- vinarudi siku gani, saa ngapi, na nani anavileta;
- bei ya kila kifaa kikivunjika au kupotea;
- fedha ya dhamana iliyowekwa, itakayorudishwa vifaa vikirudi vizima;
- sahihi za pande mbili na ya shahidi mmoja.

Piga picha kwa simu kabla vifaa havijapanda gari. Picha haina undugu.

Majumba ya upepo: hapa si fedha tu

Tumetaja majumba ya watoto kurukia. Yameanza kuonekana hata kwenye minada na sikukuu za vijijini, kwa hiyo hili hatuwezi kulipita.

Tarehe 16 Desemba 2021, katika shule ya msingi mjini Devonport, jimbo la Tasmania, Australia, upepo mkali ulinyanyua jumba la aina hii wakati watoto wakisherehekea kufunga shule. Watoto sita walifariki. Nchi ile ina wakaguzi na kanuni za usalama, na bado ilitokea.

Kiwango cha usalama kinachotumika Ulaya kinasema jumba la nje lisitumike upepo unapozidi kilomita 38 kwa saa, na lifungwe ardhini kwa nguzo zisizopungua sita. Huhitaji mashine kuukadiria upepo huo. Angalia miti midogo yenye majani: ikianza kuyumba, upepo umefika kwenye kiwango hicho. Toa watoto, kisha zima feni.

Hatari ya pili ni jenereta. Jumba husimama kwa sababu feni inapuliza muda wote. Petroli ikiisha, linaanguka taratibu juu ya watoto waliomo. Msimamizi asiondoke hata dakika moja, na petroli ijazwe kabla watoto hawajaingia. Wewe mzazi, ukiona jumba limefungwa kwa mawe na kamba ya katani, usimruhusu mwanao aingie, hata akilia.

Na fedha ya kuanzia?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kuanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona kwanza.

Lakini kutokuwa na riba hakufanyi deni lisiwe deni. Rejesho linadaiwa kila mwezi, ilhali shughuli zinakuja kwa msimu. Kikundi kilichokopa kwa ajili ya harusi za Septemba kitalipa nini mwezi Machi, watu wanapopalilia na hakuna anayeoa? Hesabu ya rejesho ipigwe kwa miezi mibaya. Ile mizuri haihitaji hesabu.

Tunarudi kwenye swali

Je, gofu ya kwenye hema italipa huku? Kwa hoteli ya kitalii au kampuni kubwa mjini, huenda. Kwa kijana mwenye fedha ya magunia ya mahindi, tunasema asubiri. Na kama tayari ana kifaa machoni, kiwe turubai, spika au jumba la upepo, akipitishe kwenye maswali matatu: kitatoka mara ngapi kwa mwaka, kitarudi kikiwa na hali gani, na kikileta madhara nani atabeba?

Akishindwa kujibu hata moja, fedha ikae kwanza. Msimu mwingine utakuja.

Ukishaandika daftari lako la miezi mitatu, tutumie ujumbe utuambie umekuta nini kijijini kwenu. Tutazisoma hesabu hizo hewani bila kutaja majina.