Kabla Hujapanda Basi la Nairobi, Piga Simu

Umeanguka na bodaboda pale Garissa, mguu umevunjika, lakini SHA umelipa. Unadhani uko sawa? Ngoja kwanza. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, inalipa hospitali zenye mkataba nayo. Kwa hivyo kutajiwa daktari hodari wa mifupa hakutoshi. Nairobi ni karibu kilomita 370, so uliza ukiwa bado nyumbani: hospitali anayofanyia upasuaji iko na mkataba? Nani anaomba idhini ya SHA? Chuma cha kuunga mfupa kimo ndani ya malipo? Hilo la chuma usilisahau, si bei ya chapati.

Na kaunti nayo, kabla ya kumwandikia mgonjwa barua ya rufaa, ipige simu hiyo yenyewe. Mtu aliyevunjika mguu asitumwe kuzunguka Nairobi akibisha malango ya hospitali.