Kadi Zetu na Unga wa Kumetameta

Nataka kusema juu ya kadi za heri tunazotengenezewa na wadogo zetu kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Kadi ya mkono naipenda kuliko ya dukani. Bali ule unga wa kumetameta siupendi. Wengi hudhani ni madini; kumbe ni plastiki iliyopakwa alumini, ikakatwa vipande vidogo mno. Ukifagiwa bwenini huingia mferejini, na mifereji hii ya Wachaga, waliyoichimba babu zetu, hunywesha migomba na mboga za walio chini yetu mlimani.

Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019. Umoja wa Ulaya nao ulizuia kuuzwa kwa unga wa plastiki wa namna hii Oktoba 2023. Sisi twangoja nini?

Ganda kavu la mgomba lina rangi ya kahawia, nyeusi, hata ya dhahabu. Likate kwa wembe, libandike kwa gundi juu ya manila, utapata mlima, nyumba au tembo. Rafiki yangu asema kadi hizo hazing'ai. Kweli, lakini pia hazimfuati mtu mpaka kwenye sahani ya ugali.