Mwenye Kiota ni Nani?

Kila ufanyikapo usafi wa misikiti hapa Dodoma, hutolewa rai kwamba viota vya udongo chini ya paa vibomolewe. Ndugu wasomaji, tumtambue kwanza mwenyewe.

Mbayuwayu wa Ulaya hutufikia yapata Septemba na kurejea kwao Aprili. Mgongo wake ni wa buluu iliyoiva, koo la rangi ya kutu lenye ukanda mweusi chini yake, na tumbo jeupe. Huyu ni mgeni. Hutaga kwao kaskazini, basi kiota si chake.

Mwenye kiota chenye shingo kama ya chupa ni mbayuwayu mdogo mwenye kichwa cha rangi ya kutu na kifua cheupe chenye michirizi myeusi.

Wa tatu ni mkubwa zaidi. Tumbo lake la rangi ya kutu halina michirizi, na arukapo huonesha weupe chini ya mabawa. Waingereza humwita mbayuwayu wa msikiti, ingawa hupenda pia matundu ya mibuyu yetu.

Basi kiota chenye makinda tukiache hadi yaruke. Kibao kilichopigiliwa chini yake kitazuia kinyesi, nao ndege wataendelea kutupunguzia wadudu.