Wachekeshaji Nao Waandike

Hapa kwetu Huruma ukimtajia mtu mzima Mzee Ojwang', atacheka hapo hapo. Sasa muulize Benson Wanjau alikuwa nani. Atakutolea macho tu! Kumbe ni mtu yule yule. Alikuwa Mkikuyu, lakini katika "Vitimbi" ya KBC aliongea kwa lafudhi ya Kijaluo mpaka wengi wakaamini ni Mjaluo. Aliaga dunia Julai 2015.

Lafudhi ile aliifunzwa na nani? Alikuwa akilipwa ngapi? Siku akiwa na huzuni, aliwachekeshaje watu? Haya yafaa kusimuliwa na mwigizaji mwenyewe, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wenzetu wameandika. Charlie Chaplin alichapisha maisha yake mwaka 1964, akaeleza alivyokulia katika umaskini huko London. Trevor Noah wa Afrika Kusini naye alitoa chake mwaka 2016. Anakuchekesha, kumbe anakueleza shida za ubaguzi wa rangi.

Wengine husema mchekeshaji hana la maana la kuandika. Mimi napinga. Vijana wengi mtaani wanataka kuigiza, wakidhani kazi ni kupigwa picha na kuhesabu pesa. Kitabu cha mzaha kingewaambia ukweli bila kuwahubiria.

Kwa hivyo chama chetu cha Kiswahili kiwaalike wakongwe waliobaki. Wao waseme, sisi tuandike. Madaftari si tunayo? Tusingoje matanga ndipo tuanze kuulizana walikuwa akina nani.