Kabla ya kuliuza gari, tazama mshale wa joto

Kama wewe ni mkazi wa Eldoret na unamiliki gari kuukuu la gia za otomatiki, bila shaka umewahi kuambiwa, "Uza hilo, linakunywa mafuta." Mimi niliambiwa hivyo na jirani, nikaambiwa na shemeji, hata kijana anayeniosheia gari hakunyamaza. Leo nataka nikueleze kwa nini sikuliuza, na yale ambayo nawe unaweza kuyafanya kabla ya kulikabidhi lako kwa madalali.

Gari lenyewe ni Toyota la sisi 1500, lililokuja kutoka Japani likiwa limetumika, kama yalivyo mengi yanayopita katika Barabara ya Uganda. Tulilinunua kwa sababu mbili: kuwapeleka watoto shuleni, na kumfikisha mama yangu kliniki kila mwezi bila ya kusukumana katika matatu na magoti yake mabovu. Lakini mafuta yakaanza kugombania pesa na karo. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya, nyumba yetu ilikuwa kama inayosubiri matokeo ya mtihani. Hatujasahau Septemba 2023, lita moja ya petroli ilipopita shilingi 200. Ikafika jioni tukaketi, mimi na mama watoto, kuamua nani arudi kupanda matatu, watoto au nyanya yao.

"Baba watoto," akaniambia, "unasema gari linakunywa. Linakunywa kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Je, wewe msomaji unalo? Wengi wetu tunajua tumenunua mafuta ya shilingi ngapi, lakini hatujui yametufikisha wapi. Kipimo ni rahisi. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijizime lenyewe, kisha andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida kwa wiki moja au mbili. Rudi kwenye kituo kile kile, jaza tena mpaka bomba lijizime, na uangalie ni lita ngapi zimeingia. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita hizo. Letu lilitupatia kilomita 7 kwa lita. Kwa injini ndogo kama hiyo, hilo lilikuwa gari lenye maradhi.

Maradhi ya kwanza yalikuwa mguuni mwangu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, karibu nne kwa tano tu ya ile ya Mombasa. Na injini isiyo na taabo hupoteza takriban moja kwa tano ya nguvu zake ikifika huku. Dereva akiona gari ni zito, hukanyaga zaidi. Sasa, gia za otomatiki huamua kwa kusoma mambo mawili: mwendo wa gari na mguu wako. Ukikanyaga sana, zinadhani unataka kulipita lori, kwa hivyo zinabaki katika gia ya chini huku injini ikinguruma na kunywa.

Dawa yake haigharimu hata senti. Ondoka taratibu, na ukishafikia mwendo unaoutaka, legeza mguu kidogo. Utasikia mngurumo ukishuka, maana gia imepanda. Tena tazama kitufe kidogo chenye herufi O/D kwenye mkono wa gia. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka kwenye dashibodi, umelinyima gari gia yake ya juu kabisa. Mimi nilisafiri nayo ikiwaka kwa miezi mingi, nikidhani ni pambo. Kitufe hicho kizimwe unapopanda mlima mrefu au unapoteremka, si unapokwenda kwenye tambarare.

Mguu ulipotulia, tukapata kilomita 8. Furaha ilikuwa ndogo. Ndipo asubuhi moja, tukitoka Langas kuelekea mjini, mama watoto aliponyosha kidole kwenye dashibodi.

"Mbona mshale huu wa joto haupandi?"

Kweli ulikuwa umelala chini kama mgonjwa. Tulifika shuleni, ukiwa umelala. Tukafika kazini, bado umelala. Nikakumbuka kuwa miaka miwili nyuma gari lilituchemkia njiani karibu na Timboroa. Fundi aliyelitazama alitoa kifaa kimoja kidogo, akakitupa kando na kusema, "Mwalimu, hii thamostati ni ya nchi za baridi. Huku Afrika haina kazi." Nilimlipa na kumshukuru.

Msomaji, nchi ya baridi ndiyo hii yetu! Alfajiri ya Julai hapa Eldoret watoto huvaa sweta mbili. Thamostati ni mlango wa maji ya rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa ili ipate joto upesi. Ikifika nyuzi 80 na kitu hivi, mlango hufunguka na maji kuanza kuzunguka. Ukiuondoa, maji baridi hupita wakati wote na injini haifikii joto lake.

Na hapo hasara huwa mara mbili. Kwanza, kompyuta ya injini huona baridi na kuendelea kuongeza petroli, kama mpishi anayechochea kuni kwa sababu sufuria haichemki. Pili, magari mengi ya otomatiki hayaruhusu gia ya juu kabisa wala kufunga klachi iliyo ndani ya giaboksi mpaka injini ipate moto. Kwa safari fupi za mjini, unaweza kufika nyumbani kabla gari halijaamka.

Lakini usikimbilie kurudisha thamostati kabla ya kuuliza kwa nini iliondolewa. Kwa urefu huu wa ardhi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho hubana maji yasichemke mapema. Fundi wa pili alipokagua, alikuta raba ya kifuniko chetu imeoza na paipu moja inavuja. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa Timboroa, thamostati ilisingiziwa. Akabadilisha vyote vitatu, akaijaza rejeta maji ya dawa, na gharama yote haikufika bei ya tangi moja la petroli. Wahenga walisema rahisi ni ghali. (Na kumbuka, kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto. Maji hayo yatakuchubua uso.)

Wiki mbili baadaye tulipima tena: kilomita 10 kwa lita. Tukatoa na gunia la mahindi la kilo 90 lililokuwa limesahaulika kwenye buti tangu tulipotoka shambani, tukajaza upepo wa magurudumu kulingana na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na sasa tumekaribia 11. Kwenye barabara kuu napenda 80 kuliko 100. Ukitoka 80 hadi 100, nguvu ya upepo unaolisukuma gari nyuma huongezeka kwa zaidi ya nusu, na wa kuilipia ni wewe.

Jambo moja nakusihi usilifanye. Wapo madereva wanaoweka gari fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Barabara ya kutoka Iten hadi bonde la Kerio inashuka zaidi ya mita 1,000. Ukiteremka fri, breki peke yake ndizo zinazokushikilia. Zikipata moto hazishiki tena, nawe una watoto nyuma. Isitoshe, hakuna unachookoa. Gari la injekta likiwa ndani ya gia na mguu umeachia, kompyuta hukata petroli. Likiwa fri, lazima injini inywe ili isizime. Weka gia ya 2 au L, uache injini ikusaidie kushika.

Kwa hivyo, msomaji wangu, kesho asubuhi washa gari na uende mwendo wa dakika kumi au kumi na tano hivi. Kisha utazame mshale wa joto. Ukiwa karibu na katikati, tafuta kosa kwingine. Ukiwa umelala, unajua pa kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia humwaga kibaba.

Mama yangu alikuwa kliniki Jumanne. Alikwenda ameketi kiti cha mbele, mkoba wake mapajani, na karo ya muhula imelipwa.